Jeannie C. Riley alifanya nini baada ya "Harper Valley PTA"?

MpenziWaKantri, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Kila ninapomwomba DJ hapa Nakuru atupigie wimbo wa Jeannie C. Riley, mwimbaji wa kantri wa Marekani, huuchagua ule ule wa 1968, "Harper Valley PTA", wa mjane anayeletewa na bintiye barua ya kamati ya wazazi inayomshutumu kwa minisketi na ulevi, naye anaingia mkutanoni na kuwaumbua wanakamati mmoja baada ya mwingine. Je, sauti kama ile ilikuwa na wimbo mmoja tu? Au ni sisi tulioacha kumsikiliza?

Mwalimu Mstaafu, Kisumu
Ndugu yangu, ni sisi tulioacha kumsikiliza. Kabla ya wimbo huo uliotungwa na Tom T. Hall, Riley alikuwa katibu muhtasi huko Nashville, akirekodi nyimbo za majaribio za watunzi wengine. Kibao hicho kilimfanya kuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri na ile ya jumla ya Marekani kwa wimbo mmoja, jambo ambalo halikurudiwa na mwanamke mwingine hadi Dolly Parton alipofika na "9 to 5" mwaka wa 1981. Kisha akaingiza nyimbo nyingine tano katika kumi bora za kantri, zikiwemo "The Girl Most Likely", "There Never Was a Time" na "Oh, Singer" ya 1971. Kilichomponyoka ni wasikilizaji wa muziki wa pop, ambao hawakumrudia tena kwa wingi ule. Sioni haki kumwita msanii wa wimbo mmoja.

Mama Kayla, Kakamega
Mwalimu, ninakubaliana nawe kuhusu chati, lakini kuna jambo zito zaidi. Watu walimchukulia kuwa ndiye yule mjane wa wimbo. Alipandishwa jukwaani kwa minisketi na buti ndefu, na wimbo uliofuata, "The Girl Most Likely", ukawa tena wa msichana maskini anayedhaniwa vibaya na watu wa mji wake. Mtu akivishwa sura isiyo yake mwaka baada ya mwaka, atachoka. Alipookoka miaka ya sabini, alivaa magauni marefu na kugeukia nyimbo za injili. Wanaosema hapo ndipo alipoanguka wananiudhi, kwa sababu alichagua mwenyewe, akijua kwamba umaarufu ungepungua.

MpenziWaKantri, Nakuru
Asante, Mama. Lakini je, kampuni yake ya kwanza haina lawama?

Mwalimu Mstaafu, Kisumu
Inayo kiasi. Plantation Records ya Shelby Singleton ilijua kuuza mtindo uliokwisha kufaulu, na kwa kampuni changa jambo hilo linaeleweka, ingawa msanii ndiye aliyelipa gharama. Hata hivyo, alipohamia kampuni ya MGM mwanzoni mwa miaka ya sabini hakupata kibao kikubwa tena, kwa hiyo hatuwezi kuibebesha Plantation mzigo wote. Mwambie DJ wako aanze na "There Never Was a Time": hamna kejeli wala ugomvi wa kijiji ndani yake, na utaisikia sauti yenyewe.