Yule wa "unga ni unga" leo kanimaliza kabisa

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Nimetoka dukani kwake sasa hivi, hata daladala sijapanda. Mnamjua. Yule wa vifaa vya maabara, ghorofani, kalenda ya mwaka juzi ukutani. Msinilazimishe nimtaje.

Niliagiza unga wa teluridi ya bismuthi (bismuthi iliyoungana na teluri), Bi2Te3, safi kwa 99.999%. Hela ya mradi, malipo yote mbele. Nimesubiri mpaka nimeota mvi. Leo napigiwa simu mzigo umefika, nakuta nini? Mfuko wa nailoni! Ule wa karanga! Umezibwa kwa moto wa mshumaa!

Kitu kinachotakiwa kuja kwenye chupa iliyozibwa, ndani gesi ya arigoni, maana unga laini ukikaa na hewa unakula oksijeni, na ikishaingia oksijeni umeme wake wote unavurugika. Nikamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, hii haijafungwa vizuri." Akafungua. Akachovya kidole. KIDOLE, wakuu. Akausugua kwa dole gumba kama anapima dona, akaniangalia, akasema: "Kijana, unga ni unga."

Unga ni unga!

Nikamwonyesha cheti chake mwenyewe. Kimeandika inayeyuka kwenye nyuzi 1,092. Teluridi ya bismuthi inayeyuka kwenye 585! Hiyo 1,092 ni ya teluridi ya kadimi, ile ya paneli za sola. Akajibu, "Wewe chochea moto, itafika tu." Duka zima likacheka. Hata mlinzi.

Nimesoma miaka yote hii nije kuambiwa unga ni unga na mtu mwenye kidole cha chipsi. Kilikuwa na mafuta ya chipsi kile kidole, nilikiona! Tisa tano maana yake uchafu usizidi sehemu 10 katika milioni. Kidole cha chipsi ni tisa ngapi? Nijibuni.

Mpiga_Debe_Msomi: Picha ya mfuko tafadhali. Bila picha huu ni udaku.

Binti_Gerezani: Kidole cha chipsi 😂😂 mbavu zangu jamani

Fundi_Joto: Pole mkuu. Ila hata ungeletewa chupa, uliangalia kama wameandika "kwa hesabu ya metali"? Hapo ndipo wanapotupigia. Zile tisa zinahesabu uchafu wa metali tu: risasi, shaba, chuma na wenzao. Oksijeni haimo. Unga unaweza kuwa umejaa oksijeni na cheti kikaendelea kusema tisa tano. Mimi unga nimeacha, naagiza vipande nasaga mwenyewe. Vimepangika tabaka tabaka za atomu tano tano, teluri juu na teluri chini, na tabaka zimeshikana kilegevu. Ukipitisha wembe vinabanduka vyenyewe.

Mwenye uzi: Fundi, tatizo si oksijeni. Tatizo ni KIDOLE.

Mama_Kemia: Mwanangu achana na kidole. Kama cheti ni cha kadimi, una uhakika gani na huo unga? Kadimi ni sumu, usiupeleke nyumbani kwa watoto. Pima uzito, mimina kwenye spiriti, angalia ujazo umepanda kiasi gani. Ya bismuthi ni kama gramu 7.7 kwa kila sentimita ya ujazo, ya kadimi haifiki 6. Na huyo mzee akianza kunuka kitunguu saumu mdomoni mjue kakilamba kile kidole. Teluri ikiingia mwilini inatokea kwenye pumzi, na harufu yake haiondoki leo wala kesho.

Mwenye uzi: Anuke! Anuke mpaka Idi!

Kijana_wa_Mkaa: Kwani ya kazi gani hiyo?

Mwenye uzi: Kugeuza joto la jiko kuwa umeme. Upande mmoja moto, mwingine baridi, umeme unapita. Kifaa kina nguzo za aina mbili za huo huo unga: moja unachanganya na antimoni, nyingine na seleni.

Kijana_wa_Mkaa: Ufanisi?

Mwenye uzi: Kwenye 5% hivi.

Kijana_wa_Mkaa: TANO 😂😂 mkuu nunua paneli ukalale.

Mwenye uzi: Usiku paneli inachaji nini? Na wewe ni wale wale wa unga ni unga.

Mchuuzi_wa_Bandari: Mnamwonea mzee wa watu. Teluri karibu yote inatoka kwenye matope yanayobaki chini ya tangi shaba ikisafishwa kwa umeme, haichimbwi kama dhahabu. China ndio wameishika, na tangu Februari 2025 bidhaa kadhaa za teluri na bismuthi hazitoki kwao bila kibali. Shukuru umepata hata mfuko.

Mwana_Lubumbashi: Huku kwetu shaba iko mingi sana, sasa ile teluri inaendaka wapi?

Mchuuzi_wa_Bandari: Ndugu yangu, shaba inayotolewa kwa tindikali haiachi yale matope. Na huko kwenu njia hiyo ndiyo imetawala.

Binti_Gerezani: Mfuko wa mshumaa afadhali. Mimi muuza gesi kaniletea mtungi mwepesi, nimepika maharage mara moja, kimya.

Fundi_Joto: Mitungi! Usinianzishe. Wa kwetu hana mizani, anautikisa anakwambia "umejaa huu dada".

Mpiga_Debe_Msomi: Mizani? Nendeni bucha la kwetu muone mizani. Kilo ya nyama, nusu mfupa, na kidole chake kimo.

Mwenye uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kidole cha chipsi.

Kijana_wa_Mkaa: Bucha la wapi hilo? La kwetu anapima pamoja na gazeti.

Binti_Gerezani: Gazeti lililolowa maji, usisahau.

Mama_Kemia: Mfupa ndio supu, nyie watoto mnalalamikia nini?

Mpiga_Debe_Msomi: Mama, supu ya kwato hiyo. Mimi nililipia steki.