Tupeane uzoefu: SUV ndogo used za safari za porini, wewe ulikagua nini kabla ya kununua?

Habari za wakati huu wakuu. Kila nikiuliza gari ya kwenda nayo porini naambiwa "chukua Prado". Ningekuwa na hela ya Prado nisingeuliza. Nazungumzia Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Subaru Forester na Suzuki Escudo. Tuko watu wanne, hema, mtungi mdogo wa gesi, madumu ya maji, tunataka kufika Lushoto, Natron, ikiwezekana hadi Kitulo. Sifa za kwenye matangazo nimezisoma za kutosha. Aje aliyepita nayo, aseme alipita wapi, masika au kiangazi.

Mdigo wa Milimani: Naanza na RAV4. Nilipelekwa kuona ya mkononi, usajili wa namba C, dalali anaapa ni 4WD, yaani inavuta tairi zote nne, na stika iko mlangoni. Fundi wangu akaingia uvunguni, hata dakika haikuisha akatoka anacheka. Propela shafti, ule mhimili wa kupeleka nguvu tairi za nyuma, hakuna! Kwenye difu ya nyuma yamebaki matundu manne ya bolti, yameziba kwa grisi na vumbi. Mwenyewe alishauriwa aitoe ili gari isile mafuta. Sasa panda nayo kwenda Mtae huko Lushoto siku ya mvua, mizigo yote iko nyuma, tairi za mbele zinasaga tope tu. Niliiacha pale pale.

Halafu kuna ambazo hazijawahi kuwa 4WD tangu kiwandani. Soma namba ya chasisi: ACA21 na ACA31 ni 4WD, ila ZCA26 na ACA36 zinavuta mbele tu. Kwa nje ni mapacha.

Mleta uzi: Kumbe! Mimi nimekuwa nikiangalia stika.

Nyanda za Juu: Mkuu, kwa Kitulo chukua Escudo, ile ya kuanzia 2005. Ndiyo pekee kwenye orodha yako yenye gia nzito, ile 4L, na difu ya kati inayofungwa. Kutoka Chimala kwenda Matamba, njia ya kuelekea Kitulo, kuna zile kona tunaziita Hamsini na Saba. Kupanda kila mtu anapanda, shughuli iko kwenye kushuka. Mwenye 4L anaweka gia ya kwanza, injini inaishika gari yenyewe, mguu haugusi breki. Wa RAV4 anafika chini breki zinanuka.

Ubaya wake ni wese, inakunywa. Ya 2.4 tena ushuru wa bidhaa hapa Tanzania unaruka toka 5% hadi 10% kwa sababu imevuka cc 2000, kwa hiyo wengi tunabaki na yenye chasisi TD54W, ya 2.0. Siku ya kukagua iingize kwenye 4L hapo hapo kwa muuzaji. Taa yake ikipepesa tu bila kutulia, usitoe hela.

Mchaga Mstaafu: Forester hapa. Kwenye vumbi la Engaruka kuelekea Natron imetulia kuliko zote mlizotaja, sitaki ubishi. Ila tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa. Yangu nilivyoikuta mbele kulikuwa na mpya na nyuma vipara, ukikata kona ya kubana gari inagoma kama umesahau handibreki. Waulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa hizi injini za EJ ni kila kilomita 100,000. Akikujibu "bado mzima", hesabu kwamba utaubadilisha wewe.

Bibi Shamba: Wanaume mnaongelea difu tu. X-Trail nyingi za Japan viti vyake havinywi maji. Watoto wanaingia na tope, unapangusa na kitambaa, safari inaendelea. Toleo la T30 lina gia za kawaida za oto. T31 lililofuata, nyingi ni CVT, yaani oto ya mkanda isiyo na gia za hatua, na CVT haipendi kusuguliwa kwenye mchanga mzito. Ikipata moto inapunguza nguvu yenyewe, unapaki, mnakunywa chai. Oili yake ni NS-2, fundi asikuwekee ATF, oili ya gia za oto za kawaida, eti ni zile zile.

Wa Kajiado: Wadau, sisi Kenya hatuingizi gari iliyozidi miaka minane, kwa hivyo hizo mnazotaja tunazipata kwa mtu tu. Nikienda kuona, kitu cha kwanza ni kutu chini. Zilizotoka sehemu za theluji Japan hulika na chumvi ya barabarani, hata bodi iwe inang'aa vipi. Na kwenye black cotton, ule udongo mweusi unaonata, mvua ikinyesha, tairi za lami zitakulaza huko, 4WD au si 4WD.

Mleta uzi: Shukrani wote. Nimehamia Escudo. Mwenye TD54W ya manual ambayo 4L inaingia, aje PM na picha za uvunguni kwanza, za rangi baadaye. Madalali mpumzike.