Tupeane uzoefu: kumwandikia mbunge au diwani kuhusu sera ya teknolojia

Ndugu zangu, naomba yeyote aliyewahi kumwandikia mwakilishi wake kuhusu muswada au sera inayogusa teknolojia aeleze alichoandika na kilichofuata. Naanza mimi.

Muswada uliokuwa bungeni ulikuwa na kifungu cha kuzilazimisha kampuni za mawasiliano kuweka njia maalumu ya kufungua ujumbe uliosimbwa (yaani uliofichwa ili usomwe na mtumaji na mpokeaji tu), na waliouunga mkono walisema njia hiyo itatumiwa na polisi peke yao. Sikujaza barua maelezo ya namna usimbaji unavyofanya kazi. Nilimweleza mbunge yaliyotokea Ugiriki, ambako mwaka 2005 iligundulika kwamba uwezo wa kunasa mazungumzo, uliowekwa ndani ya programu za mitambo ya simu kwa ajili ya vyombo vya dola, ulikuwa umewashwa kwa siri na watu wasiojulikana, wakasikiliza simu za watu zaidi ya 100, akiwamo Waziri Mkuu. Kisha nikataja namba ya kifungu na kuomba jambo moja tu, yaani kifutwe. Msaidizi wake alinipigia simu akitaka maelezo zaidi ya tukio hilo, na baadaye mbunge aliliuliza kwenye kamati. Kifungu hakikufutwa, bali kiliongezewa sharti la kibali cha mahakama. Kwangu hayo bado hayatoshi, kwa sababu kibali hakimzuii mdukuzi, na ndiyo maana ninaendelea kuandika.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mwalimu, na barua yangu ilikwenda kwa diwani, kwa kuwa uamuzi wa kufunga kamera za kutambua sura shuleni ulikuwa wa halmashauri. Naona wengi wanakimbilia bungeni hata pale ambapo mamlaka yako karibu zaidi. Nilimweleza ninachokiona darasani: mtoto anayeambiwa atoe idhini na mwalimu wake hana nafasi ya kukataa. Hoja hiyo si yangu peke yangu. Mwaka 2019 mamlaka ya Sweden ya kulinda taarifa binafsi iliitoza halmashauri moja faini ya krona 200,000 kwa kujaribu kuandikisha mahudhurio ya wanafunzi kwa kutambua sura zao, na ikasema kwamba idhini waliyoitoa haikuwa msingi halali, kwa kuwa wako chini ya mamlaka ya shule. Diwani aliniambia waziwazi kwamba kilichomgusa ni habari za darasani, na kwamba ile ya Sweden ilimpa cha kuwaambia wenzake kikaoni. Mpango uliahirishwa.

Mchangiaji wa tatu:
Naafiki, ila naongeza suala la wakati. Barua inayofika muswada ukiwa kwenye kamati humkuta mbunge akiwa bado na nafasi ya kupendekeza marekebisho. Ikifika siku ya kura, mara nyingi msimamo wa chama umekwishaamuliwa. Pia andikeni kwa maneno yenu wenyewe, na mtaje mapema kwamba ninyi ni wapigakura wa jimbo lake, kwa sababu barua zenye maneno yaleyale huhesabiwa kwa pamoja na kupewa jibu moja. Kwa wanaodhani wabunge hawasikii, wakumbuke ACTA, mkataba wa kimataifa wa kupambana na bidhaa bandia na ukiukaji wa hakimiliki, hata mtandaoni: wananchi wa nchi nyingi za Ulaya waliandamana na kuwaandikia wawakilishi wao, na tarehe 4 Julai 2012 Bunge la Ulaya likaukataa kwa kura 478 dhidi ya 39, ingawa serikali nyingi za nchi wanachama zilikuwa zimekwisha kuutia saini.

Ningependa watakaofuata watueleze kuhusu mbunge aliyekwisha kutangaza msimamo wake hadharani: mlimwandikia nini ili aweze kuubadilisha bila kuaibika mbele ya wapigakura wake?