Nyie wa mtandao wa simu, acheni kutuletea ID za kukodi

Wakuu, salaam. Leo sina utani.

Ule uzi wa bando kuyeyuka usiku mmeuona. Mtu kauliza swali la maana: data kazima, kalala, asubuhi MB zimepungua, zimekwenda wapi? Watu wakaleta picha za skrini, mmoja akaeleza jinsi programu za simu zinavyojisasisha kimyakimya, mwingine akambishia kwamba data ikizimwa hilo haliwezekani. Mjadala ulikuwa unanoga. Ndipo wakaingia wageni.

ID za juzi, hazina picha, hazijawahi kuchangia hata uzi mmoja wa Simba na Yanga, lakini zote kwa pamoja "zinafurahia kasi isiyo na kikomo". Jamani! Mbongo akiridhika na mtandao wake hasemi kitu, anaangalia mpira wake basi. Walipobanwa waseme nani anawalipa, mmoja akatukana, wengine wakaingia mitini. Chawa wa wanasiasa hawajatutosha, sasa tuna chawa wa bando.

Ila iliyonichefua zaidi ni akaunti rasmi ya kampuni yenyewe ya simu. "Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu, tafadhali tutumie namba yako inboksi." Wamembandikia kila mtu hayo hayo, mpaka jamaa aliyekuwa anatania kuhusu mama mkwe wake. Swali limeulizwa hadharani, wenye tatizo ni wengi, jibu la chumbani linamsaidia nani? Huko inboksi unarudishiwa vi-MB viwili vitatu unyamaze, mwenzako wa Mbagala anaendelea kukatwa.

Na msidhani ujanja huu ni mpya. John Mackey, aliyekuwa bosi wa Whole Foods, maduka makubwa ya vyakula kule Marekani, alijificha miaka kadhaa kwenye jukwaa la hisa la Yahoo kwa jina la Rahodeb, anaisifia kampuni yake na kuwaponda washindani wake, Wild Oats, ambao baadaye alitaka kuwanunua. Mpaka nywele zake mwenyewe alizisifia! Akaumbuka 2007. Samsung nao walipigwa faini Taiwan mwaka 2013 kwa kulipa watu wawaponde washindani wao wa simu, HTC, mtandaoni.

Sasa msije mkaniambia "basi tutakuja na jina letu" mkadhani yameisha. EA, kampuni ya michezo ya video, walikuja na jina lao kwenye jukwaa la Reddit Novemba 2017. Wachezaji walikuwa wanalalamika: mchezo wa Star Wars Battlefront II umeshaulipia, halafu kumpata mhusika kama Darth Vader ucheze masaa chungu nzima. Wakajibiwa kwa lugha ya tangazo, eti ni ili mchezaji ajisikie fahari akifanikiwa. Kura za kuipinga komenti ile zilipita laki sita. Maneno hayakuwasaidia chochote. Ilibidi wapunguze bei ya wahusika, na siku chache baadaye wakasimamisha kwa muda manunuzi ya ndani ya mchezo.

Humu humu kuna jamaa anauza sola. Alisema siku ya kwanza kabisa kwamba duka ni lake. Anapigia watu hesabu za betri na paneli, wiki inapita hajataja bidhaa, na kuna mtu alimwambia waziwazi asinunue kwake, atafute fundi arekebishe alichonacho. Siku akitangaza mzigo mpya, mmeshaona mtu akimtukana? Mimi sijaona. Na hana kitengo cha mawasiliano huyo.

Nyie mna mainjinia. Mleteni mmoja, ID iwe na jina la kampuni, asome uzi wote kabla hajaandika, na asipokuwa na jibu aseme hana, arudi akilipata. Akikosolewa avumilie, hapa hakuna anayepakwa mafuta.

Moda, naomba mziangalie zile ID, nyingine zimefunguliwa siku moja. Na nyie wa kampuni najua mnasoma: MB za usiku zinakwenda wapi? Jibuni hapa chini. Inboksi yangu nimeifunga.