Naombeni ushauri: tasnifu yangu kuhusu mageuzi Kuwait

Wakuu, salaam. Naandika tasnifu kuhusu mageuzi ya Kuwait na nimekwama kwenye hoja kuu.

Katiba yao ya 1962 iliwapa bunge la wabunge 50 wa kuchaguliwa, lenye meno kuliko mabunge mengine ya Ghuba. Mawaziri walihojiwa hadharani mpaka wengine wakajiuzulu. Ila bunge hilohilo liligoma kupitisha sheria mpya ya deni la taifa (inayoiruhusu serikali kukopa) baada ya ile ya zamani kuisha muda 2017. Mei 2024 Amiri (mtawala wa nchi) Mishal akalivunja na kusimamisha baadhi ya vifungu vya katiba kwa muda usiozidi miaka 4. Machi 2025 sheria ya deni ikatoka kwa amri yake.

Msimamizi wangu anaona huo ni ushahidi kwamba uchumi hukimbia bila bunge. Mimi sishawishiki. Waziri Mkuu huteuliwa na Amiri, wabunge hawaundi serikali. Watafanya nini zaidi ya kupinga na kudai nyongeza za mishahara? (Raia wengi wenye ajira kule wanalipwa na serikali.)

Je, nilinganishe na Bahrain, yenye baraza la kuteuliwa kando ya lile la kuchaguliwa, au nibaki Kuwait tu? Mliosomea siasa za Ghuba au mlioishi huko, nisaidieni.