Mtoto wa miaka 13 anachambua vitunguu soko la Kilombero: nianzie wapi kumsaidia?

Mkazi wa Sakina
Ndugu zangu, habari za leo. Kila Jumamosi alfajiri huwa naenda soko la Kilombero, hapa Arusha, kununua vitunguu vya dukani kwangu, na kwa miezi mitatu sasa namkuta mtoto wa Kimasai ameketi juu ya debe lililopinduliwa, akikata mikia ya vitunguu kabla havijafungwa kwenye magunia ya lumbesa. Anasema ana miaka 13, kwao ni Simanjiro, na hulipwa shilingi 200 kwa debe. Kidole gumba chake kimepasuka kwa maji ya vitunguu, naye amekizungushia kipande cha mpira wa baiskeli. Nilitaka kumpa nauli arudi kwao pamoja na fedha za sare, lakini jirani yangu wa duka alinicheka akasema wiki ya pili nitamkuta palepale. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nifanye nini?

Mwalimu Mstaafu, Moshi
Jirani yako hajakosea sana. Ada ilifutwa shule za msingi na, tangu 2016, sekondari za chini pia, lakini sare, madaftari na umbali wa kutembea havikufutwa. Kwa mtoto wa mfugaji kuna jambo jingine ambalo nililiona darasani kwa miaka mingi: anaanza shule akiwa anazungumza Kimaa tu, lugha ya Wamasai, anafundishwa kwa Kiswahili, na kabla hajakielewa anachekwa na wenzake. Akitoka hapo kwenda kuchunga, hatamani kurudi.

Kwa umri wake usimrudishe darasa la kwanza akaketi na watoto wa miaka saba, kwani atatoroka kwa aibu. Uliza kwa afisa elimu kata iliko darasa la MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ambao huwapokea watoto wa umri huo na kuwaandaa kuingia mfumo wa kawaida.

Aliyekuwa Nyoka
Mwalimu, shikamoo. Niruhusu niongeze, kwa sababu nilifanya kazi nikiwa mdogo kuliko huyo. Pale Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, mtoto anayeingia machimboni huitwa nyoka, maana mwili wake hupita kwenye matundu ambayo mwanaapolo, yaani mchimbaji, mtu mzima hawezi kupita, na baada ya baruti kulipuka yeye ndiye anayetangulia kuangalia kama kuna tanzanite, vumbi likiwa bado halijatua. Mshahara haukuwepo. Tulipewa chakula na ahadi ya mgao endapo mawe yangepatikana, na mara nyingi hayakupatikana. Ukuta wa takribani kilomita 24 kuzunguka machimbo hayo ulikamilika mwaka 2018 kuzuia utoroshaji wa madini, hivyo mtoto wa boma lenye njaa hutafuta kibarua kwingine, vitunguu vikiwemo.

Kaka wa Sakina, swali la kwanza ni nani anakula kwa zile shilingi 200. Ukame wa 2021 na 2022 uliua ng'ombe wengi Simanjiro na Longido, na boma lililobaki bila mifugo humtuma mtoto mjini kama lilivyokuwa likimtuma malishoni. Mimi waliojaribu kunitoa mgodini walikuwa wengi, nami nilirudi kila mara, hadi mama alipopata mbuzi sita kupitia kikundi chake cha vikoba. Maziwa na beberu wa kuuza viliposhika nafasi ya fedha zangu, ndipo mama mwenyewe aliponizuia kuondoka. Baadaye nilijifunza kusoma nikiwa na miaka 15, kisha uchomeleaji, na leo nina karakana yangu ndogo.

Kwa hiyo ile nauli itumie kwenda wewe mwenyewe kwao. Mwone mwenyekiti wa kitongoji, uulize kama kaya ile imo katika mpango wa TASAF (mfuko wa maendeleo ya jamii) wa kunusuru kaya maskini, ambao sehemu ya ruzuku yake imekuwa ikitegemea mahudhurio ya watoto shuleni. Isipokuwemo, mwulize mtendaji wa kijiji utaratibu wa kuiombea.

Mama wa Ngaramtoni
Nakubaliana na mdogo wangu hapo juu, ila tusimsahau mwenye vitunguu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma. Huyo ana 13 na anaanza kazi alfajiri. Unaweza kupiga 116, namba ya simu kwa mtoto, au kwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Ombi langu ni uende kwa afisa ustawi kabla ya kwenda kwa polisi. Nimeshuhudia msako sokoni: watoto walitawanyika, na wiki moja baadaye walikuwa wakifanya kazi ileile uani kwa watu, ambako hakuna anayewaona.

Mkazi wa Sakina
Nawashukuru. Leo nilimuuliza fedha anampelekea nani. Alisema dada yake mkubwa ana mtoto mchanga, na baba alikwenda Nairobi kulinda getini, hajapiga simu tangu mvua za vuli. Jumanne nitakwenda Simanjiro na shemeji yangu anayezungumza Kimaa. Afisa ustawi wa kata nimeshampigia, naye amenitaka nisimwahidi mtoto chochote hadi nirudi.