Tathmini ya timu kwa njia ya mtandao: wanaozungumza ni wale wale

Mratibu: Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaratibu timu ya watengenezaji programu walioko Dar es Salaam, Nairobi na Kigali, na kila baada ya wiki mbili tunakutana kwa video ili kutathmini kazi iliyokamilika. Tunatumia Miro, ubao wa pamoja wa mtandaoni, lakini msanifu mkuu akishabandika kadi yake ya maoni, zinazofuata huwa mwangwi wa aliyoyaandika, na wanaojiunga kwa bando la simu hawaandiki chochote. Ni utaratibu gani umewasaidia kupata maoni ya kila mtu?

Fundi Msimbo: Tatizo haliko ubaoni, liko katika mpangilio wa kikao. Miro ina hali ya faragha inayoficha maandishi ya kadi hadi mwendeshaji atakapoyafunua, kwa hiyo iwashe, weka kipima muda cha dakika chache, na kila mtu aandike kimya kimya. Baada ya hapo pigeni kura kabla ya mjadala, na huyo msanifu azungumze mwisho. Norman Kerth, aliyechapisha kitabu kuhusu tathmini za miradi mwaka 2001, alitaka kikao kianze kwa kukubali kwamba kila mtu alifanya vizuri kadiri alivyoweza kwa aliyoyajua wakati ule. Kwangu maneno hayo yana harufu ya mahubiri, lakini yasipotajwa, watu huanza kumtafuta mchawi.

Bi. Mipango: Naunga mkono, ila kwa wenye mtandao dhaifu ubao wenyewe ni mzigo. Fungua jedwali la kawaida katika Google Docs siku moja kabla, kila mmoja ajaze kwa wakati wake, na kikao kibaki kuwa cha mjadala tu. Kumbuka pia kwamba saa mbili asubuhi ya Dar es Salaam ni saa moja Kigali.

Mratibu: Nashukuru. Je, maazimio mnayahifadhi wapi? Yetu husahaulika ubaoni.

Fundi Msimbo: Yaondoeni huko. Waliotegemea Jamboard, ubao wa mtandaoni wa Google uliofungwa mwishoni mwa 2024, walilazimika kuhamisha kila kitu. Chagueni azimio moja au mawili, kila moja liwe na mtu anayelisimamia, kisha yaingizwe katika orodha ya kazi za wiki mbili zinazofuata, pamoja na kazi nyingine.